Kisu Chenye Pengo

Vioo vya nyumba tumevifunika kwa magunia ya unga.
Blauzi yangu imechanwa kushoto, penye moyo,
na kaka yangu Yekutiel, aliyefika na treni ya Rosario,
ameketi kwenye kreti la viazi,
soksi tupu, magoti yakikaribia kidevu.

Siku ya kwanza. Chakula chetu wenyewe haturuhusiwi kukigusa.
Mlo wa kutoka makaburini hupikwa jiko la mwingine:
mayai ya kuchemsha, dengu.
Dengu ni ya duara, haina mdomo, kama mfiwa.
Yai, kadiri unavyolichemsha, ndivyo linavyokuwa gumu.
Nimelimenya langu. Nimelishika tu.

Wasemao mkono usiotoka jasho usiguse sahani
hawajakaa matanga haya yetu.
Siku saba sifui, sipiki, sikamui,
na siku saba naletewa.

Lakini ng'ombe hawajui siku saba.
Alfajiri nasikia ndoo uani,
chirizi la kwanza likigonga bati,
na Donya Eufemia, asiye wa dini yetu,
akimkaripia ng'ombe wetu mwekundu kwa jina la Bikira.
Hakuingia ndani kutupa pole.
Pole yake ina povu.

Baba alikuwa mchinjaji wa koloni hii, miaka thelathini na minne.
Alhamisi wanawake walipanga foleni na kuku,
miguu imefungwa kwa vitambaa.
Kabla ya kila shingo alipitisha ukucha kwenye makali,
kwenda, kurudi,
akitafuta pengo dogo kama unywele.
"Pengo," alisema, "humuumiza asiyeweza kushtaki."
Kisha majivu chini, majivu juu,
damu ikafunikwa kama mtoto aliyelala.
Wiki nzima, hadi Sabato, tulikula viazi na kabichi na viazi.

Nilikuwa na miaka tisa nilipomuuliza kama huzoea.
Akanyamaza mpaka maji ya kunawa yakapoa.
"Siku nitakayozoea, Fruma, ninyang'anye kisu."

Sikuwahi kumnyang'anya.
Mwaka wa nzige, ukucha wake uliacha kusikia.
Hakumwambia mtu.
Alimrudishia Glikl bata wake akiwa hai,
akavua aproni,
akaenda kupalilia kabichi.
Walisema mzee amepungua.
Mimi nilimwona kule kwenye matuta,
akiinama kwa kila mche kama mwenye kubisha hodi.

Jioni wanaume kumi wanajaa sebuleni.
Yekutiel anasimama, anasoma ile sala ya wafiwa
isiyotaja kifo hata mara moja.
Inasifu, inasifu,
na sauti inamkatika kwenye sifa.
Mimi jikoni naitikia amina,
natafuta chumvi, nafungua droo isiyo yake,
droo ya kamba na mbegu,
napata kisu.

Napitisha ukucha.
Pengo.
Si moja, matatu, na kutu,
na uzi mkavu wa kijani uliokwama kwenye la kati.
Kumbe hakukitupa. Alikibadilishia kazi.
Nalia hapo, mimi niliyekuwa mkavu makaburini,
na Glikl anaingia, anadhani nimejikata.

Siku ya nane tunatoka, tunaizunguka nyumba kama ilivyo desturi.
Jua linatuona kama wageni.
Yekutiel anatafuta viatu vyake, treni haimngoji mtu.
Nami naingia kwenye matuta na kisu chenye mapengo,
nakata vichwa vinne, vizito, umande ukinitiririka kiwikoni.
Viwili vya Eufemia. Kimoja cha Glikl.
Cha nne nakipasua mezani,
bila kujua kama nimefanya kazi au nimeomba.

Nala.
Kitamu.
Naona haya kidogo,
kisha naongeza chumvi.